Je, Siku Ile Ilipotea?

Hivi karibuni mzee mmoja wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mtu mwenye kuheshimiwa na asiyesema ovyo, alituletea lalamiko. Katika jumuiya yake wamo mume na mke waliofunga ndoa miaka 11 iliyopita. Mume hukata miwa katika bonde la Kilombero. Mke huamka alfajiri kupika vitumbua vya kuuza. Jumamosi moja hao wawili waliwaacha watoto kwa shangazi yao, wakapanda basi hadi Sanje, wakalipa kiingilio cha Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, wakapanda mlima ili kutazama maporomoko ya maji. Jioni walirudi wamechoka, wala hawakuwa na kitu mkononi. Mzee akatuuliza: “Watu wazima, wenye shamba la kupalilia na watoto wa kusomesha, yafaa wapoteze siku nzima na fedha kwa kutazama maji yaangukayo?”

Swali hili si la kuchekwa. Limetoka kwa mtu aliyeiona njaa kwa macho yake, naye ajua kwamba jembe likilala, chungu nacho hulala. Kwa hiyo twapenda kulijibu polepole, wala hatutasema kwamba mzee wetu ni mtu wa kale asiyeujua ulimwengu wa leo.

Kwanza tumpe haki yake. Pumziko linalomnyima mzazi dawa au mtoto daftari si pumziko, ni wizi. Matembezi yanayofanywa ili watu wayaone, yakapigwa picha na kupelekwa kwa jirani apate kuona wivu, ni majivuno. Na yule aendaye mlimani siku ya Dominika akaiacha Misa Takatifu, amemwacha Muumba ili kuvitazama viumbe. Tulipouliza, tulikuta wawili hawa hawana kosa katika hayo matatu. Fedha waliiweka akiba kidogo kidogo tangu mavuno; mahitaji ya watoto yalikuwa yametimizwa; na kesho yake walikuwa kanisani mapema.

Labaki basi swali lenyewe. Je, siku ambayo matunda yake hayawezi kutiwa katika kikapu imepotea?

Mitume waliporudi kutoka kazini, nao hawakuwa na nafasi hata ya kula, Bwana wetu Yesu Kristu aliwaita waende faraghani wakapumzike kidogo. Makutano hawakuwa wamekwisha, wala wagonjwa hawakuwa wamepona wote. Mama Kanisa naye, katika kanuni ya 1247 ya Sheria zake za mwaka 1983, huwataka waamini siku ya Dominika kuacha kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana, na pumziko lipasalo la akili na mwili. Ikiwa Kanisa laagiza pumziko, basi hatuwezi kuliita anasa kila mahali tulionapo. Tukumbuke tena yale ya Bethania, Maria alipoimimina marhamu ya thamani ya dinari mia tatu. Hesabu ya yule aliyelalamika ilikuwa sahihi kabisa. Hata hivyo hakuelewa kilichokuwa kikitendeka mbele yake. Hatumfananishi mzee wetu na Yuda, hasha! Twasema tu kwamba hesabu ya fedha haipimi kila kitu.

Sasa tueleze yaliyotendeka siku ile, kwa maana wenyewe wametupa ruhusa, mradi tusitaje majina.

Maji ya Sanje huanguka kwa jumla ya mita 170, yakishuka kutoka mlimani kwa hatua kadhaa, na chini yake manyunyu hulowesha nguo za aliyesimama. Njia ya kuyafikia hupanda katikati ya msitu. Nayo ni nyembamba, yenye mizizi na mawe yatelezayo, hata watu wawili hawawezi kwenda bega kwa bega. Mume alitangulia kwa mwendo wa mkata miwa, kama alivyotangulia miaka yote. Walipokwisha kwenda kitambo, mwongoza wageni alimwita asimame. Akamwambia kwa upole kwamba msituni kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma, na kwamba yafaa mama atangulie. Mume akakubali, akashika nafasi ya nyuma.

Yeye mwenyewe alituambia kwamba hapo ndipo, baada ya miaka mingi, alipomtazama mkewe akitembea. Akaona ya kuwa kila penye kupanda huuhurumia mguu wa kushoto. Akamwuliza. Mke akajibu kwamba goti lilianza kumwuma tangu masika ya mwaka jana. Walilala nyumba moja siku zote hizo, naye mume hakujua.

Walipofika penye maji hawakuweza kusemezana kwa ajili ya kishindo. Wakakaa juu ya jiwe, wakanyamaza. Lakini katika kushuka mke alianza kusema. Alisema habari ya mimba iliyoharibika miaka miwili iliyopita. Siku ya pili mume alikuwa amerudi kazini, wala hakulitaja jambo lile tena. Mke alidhani hakuumia. Kumbe mume alinyamaza kwa kuogopa kumtonesha kidonda, na mara nyingi alilia peke yake katikati ya miwa. Miaka miwili kila mmoja alimzika mtoto yule peke yake! Njiani pale wakasimama, wakamlilia pamoja, na mwongoza wageni akasogea mbele, akawangoja.

Katika msitu huo huo yumo kima ambaye wataalamu wa viumbe hawakumtambua mpaka mwaka 1979. Walikuwa wakiwachunguza kima wengine, mara wakasikia sauti wasiyoijua. Lakini wenyeji walikuwa wakimjua siku zote, nao humwita ngolaga. Leo ajulikana ulimwenguni kwa jina la Sanje, wala porini hapatikani ila Udzungwa. Wataalamu wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wakitazama kitu kingine. Na mume aweza vivyo hivyo kuwa mchapakazi na mwaminifu, akaitazama kazi, ada na bati za nyumba, asiisikie sauti iliyo karibu naye.

Mtu atasema: “Si wangeweza kuzungumza nyumbani bila nauli?” Wangeweza; lakini miaka miwili ilipita nao hawakuweza. Nyumbani mtoto alia, simu yalia, jirani abisha hodi. Maji ya Sanje hayana uganga. Kilichowasaidia ni nafasi, na mwendo uliopunguzwa. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwakumbusha wanandoa kwamba upendo wahitaji muda wa kuwa pamoja na kusikilizana bila haraka. Mwingine atatucheka kwa kuwa padre hana mke. Ni kweli, lakini padre husikia mengi ya nyumba zilizokufa kimya kimya, ambamo hakuna aliyepigwa wala aliyefukuzwa.

Liko pia deni ambalo mzee wetu hakulitaja. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1992, na mwaka 2011 ruhusa waliyokuwa nayo wanavijiji ya kuokota kuni kavu ndani yake ilikomeshwa. Akina mama waishio kandokando ya msitu wameulipia uzuri ule kuliko mgeni yeyote alipaye langoni. Apandaye kutazama maji na apande kwa shukrani. Na ashukapo, asione taabu kununua ndizi zao pasipo kubishana bei.

Basi, kwa mzee wetu twajibu: siku ile haikupotea. Kikapu kilirudi kitupu, lakini wawili walirudi wamepunguziana mzigo ambao kila mmoja aliubeba peke yake. Si kila nyumba yenye nauli ya kwenda Sanje, wala hatuamuru mtu aende. Twawaomba waume jambo moja tu. Kabla mwezi huu haujaisha, kila mmoja amwache mkewe atangulie, hata ikiwa ni njia ya kisimani. Naye amfuate kwa mwendo wake, akimtazama, na aonapo mguu unaohurumiwa, aulize.