Nani Aliyefungua Mlango wa Kijiji?

Somo: Nehemia 5:1–16



Wakati wa likizo fupi ya shule, watoto wetu wa Shule ya Jumapili walikwenda kukiona kinu cha Sarehole, hapa Birmingham. Ni kinu cha zamani cha kusaga nafaka kwa nguvu ya maji, chenye bwawa lake na dohani ndefu ya matofali, na leo ni makumbusho. Watoto hawakufuata unga. Walimfuata mtu mmoja aliyecheza hapo akiwa na umri kama wao, J.R.R. Tolkien, yule aliyeandika The Lord of the Rings.

Tulipokuwa tunawaandaa kwa safari, tulishangaa kuona kwamba maisha yake hayako mbali na yetu. Alizaliwa mwaka 1892 Bloemfontein, katika nchi ambayo leo ni Afrika Kusini. Alipokuwa na miaka mitatu mama yake alimleta Uingereza pamoja na mdogo wake. Baba alibaki kazini kwa nia ya kuwafuata, akafariki mwaka 1896 kabla hawajaonana tena. Kuna familia katika kanisa letu ambazo hazihitaji kuelezwa jambo hilo. Mama akapanga nyumba Sarehole, ambayo wakati huo ilikuwa kijiji nje ya mji, na watoto wakakaa hapo miaka minne hivi wakicheza mtoni na kufukuzwa na mtoto wa mwenye kinu, aliyekuwa mweupe kwa vumbi kutoka kichwani hadi miguuni. Baadaye mji ulikua ukakimeza kijiji. Tolkien alipokuwa mtu mzima aliandika kwamba mahali alipokulia palianza kuharibiwa kabla yeye hajafikisha miaka kumi.

Ndipo tunaelewa kile kijiji alichokibuni. Wapo kati yetu ambao hawajasoma kitabu wala kuona filamu, kwa hiyo tueleze kidogo. Shire ni nchi ya wakulima wafupi wasiovaa viatu, wanaoitwa mahobiti. Wanalima, wanakula mara nyingi kwa siku, wanavuta kiko jioni na kusimuliana habari za ukoo: nani ni binamu wa nani kwa upande wa bibi. Hawana jeshi. Mlango hauna kufuli ya maana. Sisi tuliokulia migombani tunakitambua kijiji hicho mara moja, ila huko kwao mvua inafika kwa wakati.

Wanne kati yao, Frodo, Sam, Merry na Pippin, wanasafiri mbali kwa kazi nzito na hatari, na mwishoni wanarudi. Katika filamu wanakuta kijiji kama walivyokiacha. Watoto wetu walikuwa wameona filamu tu. Kitabu hakisemi hivyo. Katika juzuu ya tatu, iliyotoka mwaka 1955, wanakuta geti lenye miiba ya chuma darajani, kilabu zimefungwa, amri zimebandikwa ukutani, miti imekatwa na kuachwa ilale. Meya yuko kifungoni. Kuna watu wanaoitwa wakusanyaji na wagawaji. Kukusanya kwao kunaonekana. Wanapita wanahesabu mavuno, wanapima, wanabeba. Kugawa kwao ni shida kukuona. (Wazee wetu waliopeleka kahawa na pamba kwenye mzani wakarudi na karatasi, wakakaa kungoja malipo, watacheka hapa, lakini si kicheko cha furaha.)

Mtoto mmoja akauliza tukiwa njiani kurudi: hao wabaya waliingiaje, nani aliwafungulia?

Hilo ndilo swali la Jumapili hii.

Mnyang'anyi mkubwa, yule mchawi Saruman, alikuja mwishoni. Aliyefungua mlango alikuwa mwenyeji, kijana wa ukoo unaojulikana, jina lake Lotho. Alirithi mashamba ya tumbaku kusini, na akaanza kuuza mazao nje kimyakimya. Kisha akanunua. Akanunua kinu, akanunua kilabu, akanunua mashamba, hili na lile. Fedha alizipata wapi, majirani hawakujua. Nyumba aliyoishi aliuziwa na Frodo mwenyewe, ambaye ni jamaa yake, wakati Frodo anaondoka. Hakuna aliyevunja mlango. Kila kitu kilikuwa kwa mapatano. Magari ya kukokotwa yakaanza kubeba chakula kwenda nje, majira ya baridi yakaingia, ghala zikawa tupu, na watu wakapandisha sauti. Hapo ndipo wale watu wakubwa waliokuja na magari wakabaki kumlinda, na baada ya muda wakawa mabwana zake. Mwisho Lotho aliuawa na watu wa upande huohuo alioukaribisha.

Tuseme neno moja pembeni. Katika nchi hii tunasikia hadithi ya kijiji chenye amani kilichoharibika wageni walipofika, na tunajua wageni wanaosemwa ni akina nani. Tolkien hakuiandika hivyo. Hata mahobiti walikuwa wahamiaji. Walivuka mto kwa ruhusa ya mfalme, wakapewa ardhi kwa sharti la kutunza madaraja na barabara. Basi tusijihesabu upesi kuwa ndio wabaya wa hadithi hiyo. Lakini pia tusijihesabu upesi kuwa ndio Frodo.

Fungueni Nehemia. Huyu naye alikuwa mtu wa ughaibuni, tena mwenye kazi nzuri. Alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta huko Shushani. Ndugu yake Hanani anafika na habari za nyumbani kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na waliobaki wako katika dhiki. Nehemia analia, anafunga, anaomba ruhusa, anarudi kujenga. Mahubiri mengi tuliyosikia yanaishia hapo, kwenye ukuta uliomalizika kwa siku 52 na maadui wa nje, Sanbalati na Tobia. Ni habari nzuri na tunaipenda, hasa tunapochangia jengo.

Sura ya 5 tunairuka. Humo kelele hazipigwi juu ya Sanbalati. Watu na wake zao wanalia juu ya ndugu zao Wayahudi. Mmoja anasema ameweka rehani shamba, mizabibu na nyumba ili apate nafaka wakati wa njaa. Mwingine amekopa ili alipe kodi ya mfalme. Mwingine binti zake wameshakuwa watumwa, naye hana la kufanya kwa sababu shamba liko mikononi mwa mtu mwingine. Na mtu huyo si Mwamoni wala Mwashdodi. Ni jirani wa ukuta uleule.

Sasa tuje kwetu. Ile simu tunaijua wote. Inaingia tukiwa tumetoka zamu ya usiku, viatu bado viko miguuni. Ni kaka, au shemeji, au binamu. Salamu ndefu kwanza, hali ya mama, mvua imekuwaje. Halafu: "Kuna kipande kinauzwa hapa jirani, ekari mbili, kina migomba, maji hayako mbali. Mwenyewe ana shida, mtoto amelazwa, hawezi kungoja. Tuma hata nusu, atashuka tu."

Atashuka tu. Tumelisikia neno hilo na tumelifurahia. Tumemshukuru Mungu kwa ajili yake, tena wengine wetu hapa mbele, kwenye ushuhuda, na kanisa likapiga makofi. Hatukuuliza mtoto aliyelazwa alipona au la. Shida ya jirani ilikuwa punguzo la bei kwetu, na tukaliita baraka.

Tusilaumiane bure. Fedha hizi hatukuziokota. Ni za kuwageuza wazee wagonjwa kitandani usiku kucha, za kubeba maboksi ghalani, za kusafisha ofisi za watu kabla hawajaamka. Wengi wetu tunanunua kwa sababu tunataka kurudi siku moja, na mtu hawezi kurudi hewani. Wengine tumelizwa na ndugu wa damu waliopokea fedha ya shamba wakatutumia picha ya shamba la mtu mwingine. Na wenzetu wa Kivu wanatazama ardhi ya baba zao kwenye simu tu, kwa sababu vita imewafukuza. Kuwaambia habari ya kununua au kutonunua ni kama kumwambia mtu mwenye njaa asile sana. Haya yote ni kweli na Mungu anayajua.

Hata hivyo, kijijini majirani hawajui zamu zetu za usiku. Wanachokiona ni kwamba kila mwaka wenye shida wanapungukiwa na mashamba, nao wanunuzi ni walewale, wasiokaa pale, na fedha zinatoka mbali. Halafu mtoto wa yule aliyeuza anaajiriwa kufyeka shamba alilozaliwa ndani yake. Katika kitabu kuna kijana kama huyo, Ted. Baba yake alikuwa mwenye kinu na bwana wa nafsi yake. Kinu kikauzwa, na mwana akabaki kufuta magurudumu ya mashine za wengine, tena akijisifu.

Jambo la Nehemia linalotugusa zaidi ni hili. Alipokusanya watu na kuwakemea wakuu, hakujitoa. Alikiri kwamba hata yeye, na ndugu zake, na watumishi wake, walikuwa wamewakopesha watu fedha na nafaka. Alijiweka ndani ya hesabu kwanza, ndipo akasema turudishe, leo hii, mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba, pamoja na ile sehemu ya mia waliyowatoza. Na mstari wa 16 anataja jambo ambalo tumelisoma miaka yote bila kulisikia: katika wakati wake wote wa kujenga, yeye na watu wake hawakujinunulia ardhi pale. Alikuwa liwali kwa miaka 12, na bei zilikuwa chini kwa ajili ya njaa. Nani angemlaumu?

Neno la Mungu halikatazi kununua shamba. Boazi alinunua shamba la Elimeleki mbele ya wazee langoni, mchana, kila mtu akisikia, na alilinunua ili jina la marehemu lisifutike na Naomi, aliyerudi kutoka ugenini mikono mitupu, apate mahali. Mambo mawili hapo yangetutosha mwaka mzima: wazee walikuwepo, na mjane alikuwa na sehemu.

Turudi Shire kidogo. Kijiji kilikombolewa. Merry alipiga baragumu, wakulima wakatoka na walichokuwa nacho, na katika pigano mahobiti 19 walikufa. Frodo hakuchomoa upanga. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuwazuia wenzake wasiwaue waliosalimu amri. Sehemu tunayoipenda zaidi inakuja baada ya hapo. Sam alikuwa amepewa zawadi safarini, kisanduku kidogo cha udongo wenye rutuba ya ajabu, kwa ajili ya bustani yake. Aliporudi na kuona miti iliyokatwa, aliona haifai kuuweka wote kwake wakati watu wengi wameumia. Akazunguka nchi nzima, akapanda miche palipong'olewa miti, na kwa kila mche akaweka chembe moja ya udongo ule.

Na kuna mama wa Lotho, Lobelia. Hakuna aliyempenda katika kitabu kizima. Ni mama mwenye tamaa na maneno makali, nasi tulimcheka. Lakini wahuni walipokuja aliwasimamia peke yake na mwavuli wake, wakamtupa gerezani. Alipotoka akasikia kwamba mwanawe amekufa. Akamrudishia Frodo ile nyumba, akaenda kwa watu wake, na alipofariki iligundulika kwamba ameacha fedha zote zilizosalia, zake na za Lotho, zisaidie mahobiti waliopoteza makazi katika matatizo yale. Katika kitabu kizima ni yeye tuliyeona yuko karibu na Nehemia 5.

Wazee wa kanisa wamekubaliana tufanye hivi. Leo baada ya ibada, wakati wa chai, meza ya karibu na mlango itakuwa ya wale wenye jambo la shamba. Aliyenunua kwa mtu mwenye shida na angependa kumpa nafasi ya kulikomboa kwa fedha ileile, bila nyongeza, aje tumsaidie kuandika barua itakayosomwa mbele ya wazee wa kijiji chake. Aliyepigiwa simu wiki hii na bado hajatuma, aje tuone pamoja kama mtoto huyo anaweza kutibiwa kwa mkopo usio na riba, shamba likabaki kwao. Mfuko wa huruma una kiasi kidogo, tutaanzia hapo. Aliyedhulumiwa na ndugu zake aje pia, hatutamwambia anyamaze. Hatutataja majina madhabahuni. Tunaoandika ukurasa huu tuna kipande kimoja cha kuzungumzia, tulichokinunua wakati wa kiangazi kikali kwa bei ambayo hatujamwambia mtu, na sisi ndio tutakaokaa mezani kwanza.