Lisome Gogo Kabla ya Kulipasua

Wanangu mnaotaka kujifunza kupasua mbao, nawasikia mkiulizana habari za misumeno: upi una nguvu, upi unakwenda kasi. Swali hilo ni zuri, ila lisiwe la kwanza. Mbao nyingi huharibika kabla msumeno haujawashwa, na nyingine huharibika baada ya msumeno kuzimwa. Mninga uliofikia unene wa kuvunwa umeishi miaka mingi kuliko wengi wetu tutakavyoishi, na mpasuaji asiye na subira anaweza kuufanya kuni kwa siku moja. Hilo linaniuma, ndiyo maana nasema nanyi.

Anzeni na uhalali. Mninga, mkongo, mvule na mpingo ni miti inayolindwa, na hapa Tanzania uvunaji wake unasimamiwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Hata kama mti umesimama shambani kwako, pita kwanza ofisi ya misitu ya wilaya. Gogo lipigwe nyundo ya serikali, na mbao zisafiri na hati zake. Mbao isiyo na karatasi haikupi usingizi, na ukikamatwa nayo umepoteza mali pamoja na heshima.

Mti ukishaanguka, shughulikieni ncha za gogo siku hiyohiyo. Maji hutoka nchani haraka sana kuliko ubavuni. Ncha hukauka na kusinyaa wakati katikati kungali kubichi, na hapo ndipo nyufa huanza kuingia ndani, siku hadi siku. Pakeni ncha zote mbili rangi nzito ya mafuta au nta iliyoyeyushwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; kwa mpasuaji, ufa ulioachwa wiki chache humlia futi nzima ya mbao kila upande.

Kisha lisomeni gogo. Tazameni moyo wake kwenye ncha. Ukiwa umesogea upande mmoja, jueni mti huo ulikua umeinama, na una mkazo ndani yake. Mbao zake zitapinda msumeno ukiwa bado unapita. Tafuteni uvimbe wa matawi ya zamani, kwa sababu chini yake kuna vifundo. Mvule wakati mwingine huficha mawe ndani ya mti wenyewe, magumu ya kung'oa meno ya msumeno. Mti uliokuwa karibu na nyumba huweza kuwa umemeza misumari na seng'enge. Bandueni gome mapema, maana mchanga ulionasa humo humaliza makali kuliko mti wenyewe.

Msidharau uzito. Gogo bichi la mti mgumu lenye kipenyo cha sentimita 60 na urefu wa mita 2.4 huweza kufika kilo 600 au 700. Likibiringika, hakuna mtu wa kulizuia. Lilazeni juu ya magogo madogo, ligongeeni kabari pande zote mbili, na mtu yeyote asisimame upande wa mteremko. Vaeni kofia ngumu, miwani, viziba masikio na buti, na barakoa pia: vumbi la mvule na la mninga huwasha ngozi na kubana kifua.

Sasa pigeni mstari. Wapasuaji wa shimoni wana njia ambayo bado haijapitwa. Hushusha timazi kwenye kila ncha na kuchora mstari wima, kisha huchovya uzi katika unga mweusi wa betri kuukuu uliochanganywa na maji. Uzi huvutwa toka ncha hadi ncha mpaka ukakamae, mmoja huuinua katikati, juu wima bila kuupeleka pembeni, na kuuachia. Mstari mweusi hubaki umenyooka urefu wote wa gogo. Ukiuinua kwa kuegemea upande, mstari utapinda, na kila ubao utakaofuata utarithi kosa hilo.

Anayetumia msumeno wa mnyororo atafute mnyororo wa kupasulia, ambao meno yake hunolewa kwa pembe ya nyuzi 10 hivi badala ya 30 za kukatia magogo. Aufunge kwenye fremu, na pasuo la kwanza aliongoze kwa ubao ulionyooka uliopigiliwa juu ya gogo. Kabari ndogo zifuate nyuma ya msumeno ili njia isijibane. Mjue pia kwamba mnyororo hula karibu sentimita moja kila unapopita, wakati msumeno wa mkanda hula milimita 2 au 3. Kwa hiyo pangeni mapasuo yenu kabla; kila pasuo lisilo na sababu ni ubao uliogeuka vumbi.

Moyo wa gogo uacheni ndani ya kipande kimoja kinene, kwa sababu ubao wenye moyo katikati hupasuka karibu kila mara. Mti husinyaa kwa kufuata duara la pete zake takriban mara mbili ya unavyosinyaa kutoka moyoni kwenda gomeni. Ndiyo sababu ubao ambao pete zake zimesimama hubaki umenyooka, na ule ambao pete zimelala hujikunja. Wa kwanza wekeni kwa milango na meza. Na mkitaka ubao wa inchi 1 uliokwisha kupigwa randa, pasueni inchi 1 na robo.

Halafu inakuja kazi inayowashinda vijana wengi: kungoja. Pangeni mbao kivulini, juu ya msingi ulioinuka toka ardhini, mahali penye upepo. Kati ya safu na safu wekeni fito kavu za unene mmoja, kila futi 2 au chini ya hapo, fito moja juu ya nyingine kwa mstari wima. Funikeni juu kwa mabati na mwekee uzito. Hesabu ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Penye joto na ukavu huwa pungufu. Msiamini macho. Chukueni ubao mmoja, mpime uzito wake kila wiki na kuandika. Uzito ukiacha kushuka, ubao umekauka kadiri hewa ya hapo inavyoruhusu.

Gogo lenu la kwanza liwe la mgrivea au mwembe. Yote miwili hupasulika bila ubishi, ila mwembe pasueni mapema kabla ukungu na wadudu hawajauvamia. Mkaratusi uepukeni kwa sasa, kwa sababu ya mkazo wake. Mbao hizo zikikauka zikiwa zimenyooka na hazina nyufa, hapo mtakuwa na haki ya kwenda kuomba kibali cha mninga.