Majeshi ya kigeni yakishaondoka, jirani aje na nini?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (sw). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (saw), aali zake na Maswahaba wake.

Ndugu Waislamu, Agosti 30, 2021, ndege ya mwisho ya jeshi la Marekani ilipoondoka Kabul, wengi wetu tulishukuru. Hatukukosea. Lakini ni vema ikakumbukwa kuwa shukrani kama hiyo ilitolewa pia Februari 15, 1989, pale askari wa mwisho wa Kisovieti walipovuka mto Amu kurudi kwao. Hebu tujiulize, baada ya hapo kilifuata nini?

Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndiyo maana nchi iliyotoka vitani huwatazama majirani zake. Msiba wa Afghanistan ni kuwa kila jirani alikuja na fimbo, lakini si kwa ajili ya nyoka. Utawala wa Najibullah ulipoanguka Aprili 1992, Pakistan ilikuwa na Hekmatyar wake, Iran ilikuwa na Mashia wa Hizb-e Wahdat, na Uzbekistan ilikuwa na Jenerali Dostum.

Machi 1993 viongozi wa makundi walitia saini mapatano mjini Islamabad: Rabbani awe Rais, Hekmatyar awe Waziri Mkuu. Kisha wakaenda Makka kuyathibitisha. Naam, Makka! Lakini Januari 1, 1994 Hekmatyar aliungana na Dostum, yule yule aliyekuwa akimpinga kuwa ni masalia ya wakomunisti, wakaishambulia serikali ya Rabbani ndani ya Kabul. Katika miaka ile maelfu ya raia waliuawa, na makombora hayakurushwa na kafiri. Yalirushwa na watu wanaoelekea kibla kimoja.

Katika Suratun Nahl, aya ya 92, Allah (sw) anatukataza tusiwe kama mwanamke anayeufumua uzi wake baada ya kuusokota ukawa imara, kwa kuvifanya viapo kuwa hadaa kwa sababu tu kundi moja lina nguvu kuliko jingine. Wafasiri wanaeleza kuwa Waarabu wa zama zile walikuwa wakifunga mkataba na kabila, wakiona jingine lenye nguvu zaidi, wanalihama la kwanza. Je, hiyo siyo Kabul ya 1994?

Na hata Julai 1999, majirani sita pamoja na Urusi na Marekani walipotangaza mjini Tashkent kuwa hawatatoa msaada wa kijeshi kwa upande wowote, vita havikusimama. Marekani ilipovamia Oktoba 2001, ilikuta tayari lipo kundi la kuipigania ardhini. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa kutoka ndani.

Kwa hiyo Uislamu unapinga ushirika wa majirani? La hasha. Kabla ya Utume, Muhammad (saw) alihudhuria Hilful Fudhul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alikuwa amedhulumiwa mali yake na mkubwa wa Makka. Baadhi ya koo za Makureish zikaapa kusimama na aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Baadaye, akiwa Mtume, alisema kuwa lau angeitwa tena katika mkataba kama ule angeitika. Tuzingatie: haukuwa mkataba wa kumtafutia mtu kiti. Ulikuwa wa kumrudishia mtu haki yake.

Oktoba 2025 Pakistan na Afghanistan zilipigana mpakani. Qatar na Uturuki zikawakutanisha Doha, na Oktoba 19 yakapatikana makubaliano ya kusitisha mapigano. Huo ndio mwanzo wa kuitekeleza aya ya 9 ya Suratul Hujurat. Lakini aya hiyo haiishii kwenye kusuluhisha. Inataka sulhu iwe ya uadilifu. Pakistan ina haki ya kutoshambuliwa na wanamgambo wanaojificha ng'ambo ya mpaka. Mwafghani naye ana haki ya kutotupiwa mabomu, na ya kutofukuzwa na watoto wake kama walivyofukuzwa mamia ya maelfu kutoka Pakistan na Iran tangu 2023. Na watawala wa Kabul nao wajue kuwa binti aliyefungiwa mlango wa sekondari tangu 2021 ana dai lake mbele ya Allah.

Sisi tulio mbali tuna wajibu gani? Tuache ushabiki wa barazani, huyu Iran, yule Pakistan, mwingine Saudia, kana kwamba ni timu za mpira. Tukisikia majirani wamekutana, tusiulize nani kashinda. Tuulize aliyedhulumiwa kapata nini.

Allah (sw) aziunganishe nyoyo za Waislamu juu ya haki. Wabillahi tawfiq.