Nani Aliyeponya Kidonda?



Mtu akijikata mguu kwa jembe, akasafishwa na kufungwa bendeji zahanati, kidonda kikifunga husema, "Muuguzi yule ni hodari, ameniponya." Mwingine husema, "Ni Mungu tu." Maneno hayo ni mepesi, lakini mwenye kuyashika vibaya aweza kupoteza mguu, wake au wa ndugu yake. Basi yafaa tuulize: ni nani aliyeponya? Na kama si sisi, wajibu wetu ni upi?

Tuanze na mwili wenyewe. Damu ikitoka, chembe sahani huigandisha. Kisha chembe nyeupe huja kupambana na vijidudu na kuondoa uchafu. Baada ya siku chache mishipa midogo ya damu iliyo jirani huchipuza matawi na kuingia kidondani. Ndiyo sababu nyama changa huwa nyekundu, na hutoka damu ikiguswa. Pasipo mishipa hiyo, chakula na oksijeni havifiki. Na visipofika, nyama mpya haijengwi.

Mishipa hiyo huitwa na vitu vingi vya mwilini. Kimoja kilielezwa mwaka 1973 na mwanasayansi wa Marekani, Loren Pickart, aliyekikuta katika damu ya binadamu. Ni peptidi, yaani kipande kifupi cha asidi amino, ambazo ni matofali ya kujengea protini. Protini nyingi zina mamia ya matofali hayo. Peptidi hii inayo matatu tu: glaisini, histidini na laisini. Nayo hupenda kushikana na shaba. Katika majaribio ya maabara na ya wanyama, ikiwa na shaba yake, imeonekana kuhimiza mishipa mipya ya damu na utengenezaji wa kolajeni, zile nyuzi zinazoipa ngozi nguvu. Pickart alieleza pia kwamba hupungua kwa umri: takriban nanogramu 200 katika mililita moja ya damu kwa mtu wa miaka 20, na 80 kwa mtu wa miaka 60. Sisi tuliofika umri huo twajua kuwa mikwaruzo yetu haifungi upesi kama ya wajukuu.

Watu wa Mpanda si wageni wa shaba. Mgodi wa Uruwira, ambao kwa ajili yake reli ililetwa hapa kutoka Kaliua, ulichimba hasa risasi, na pamoja nayo shaba, fedha na dhahabu. Madini yale yalihitaji treni. Shaba ya kidondani hubebwa na matofali matatu yasiyoonekana kwa jicho.

Hakuna aliyeiagiza kazi hiyo. Hufanyika mwilini mwa mwizi kama mwilini mwa padre, nayo huendelea usiku sisi tumelala. Kwa hiyo aliyefunga bendeji hawezi kujisifu kwamba ndiye aliyeotesha nyama. Ambroise Paré, daktari mpasuaji wa Ufaransa wa karne ya 16, alikuwa akisema kwamba yeye hufunga jeraha, na Mungu ndiye huponya. Lakini hakuacha kufunga. Tena, vitani katika miaka ya 1530, mafuta ya moto waliyozoea kumimina katika majeraha ya risasi yalipomwishia, alitumia dawa ya upole. Asubuhi akakuta waliokosa mafuta ya moto wana nafuu kuliko wenzao. Alijifunza kwamba pengine msaada mkubwa ni kuacha kuzuia.

Hapa ndipo wajibu wetu ulipo. Anayesema, "Mungu ataponya," kisha akamwacha mzee wa kisukari nyumbani na kidonda cha wayo, hakuelewa. Sukari ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Mgonjwa hasikii maumivu, na damu haifiki panapohitajika. Tumbaku nayo huibana mishipa. Samadi na majivu huingiza vijidudu. Mahali ambapo njia imezibwa, mjenzi wa ndani atapitia wapi? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kidonda cha kisukari mara nyingi ni kukatwa mguu.

Msamaria mwema hakuotesha nyama ya yule majeruhi. Alimimina mafuta na divai, akafunga, akampandisha juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili, tena akaahidi kurudi. Hilo la kurudi ndilo gumu kwetu. Siku ya kwanza nyumba ya mgonjwa hujaa watu. Juma la tatu, mishipa ingali inachipuza, naye hana wa kumchotea maji wala nauli ya kwenda hospitali kubadilishiwa bendeji.

Basi, ndugu zetu, kabla Jumapili haijafika, kila mmoja amwulize jirani mwenye kidonda mambo matatu. Kimedumu muda gani? Amepimwa sukari? Nani atamsindikiza safari ijayo? Jibu la tatu likikosekana, tulijaze sisi wenyewe.