Siri na Begi

Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani Tanzania yalikatazwa kutembea usiku, hadi katazo hilo lilipoondolewa mwaka 2023. Lililetwa na ajali, lakini likazaa jambo ambalo sidhani kama kuna mtunga kanuni aliyelikusudia: kila mwenye safari ya mbali, awe mkulima wa Mbozi au karani wa wizara, alilazimika kufika stendi kabla jua halijatoka. Pale stendi ya Ubungo, Dar es Salaam, wapiga debe walikuwa wameshaamka, na muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake. Lakini ukishapanda na kuketi, ndani ya basi palikuwa na ukimya wa pekee, wa watu ambao siku haijawapa kazi.

Nimeufikiria sana ukimya huo. Mchana mtu huwa ni baba wa fulani, mwalimu wa fulani, mdaiwa wa fulani, na kila anayemwita humkumbusha nafasi yake. Anayesafiri peke yake alfajiri hana wa kumwita. Cheo chake kimebaki nyumbani, na shughuli inayomsubiri iko saa nyingi mbele, huko Iringa au Songea. Katikati hapo amebaki mtu tu, na mtu wa namna hiyo huzungumza tofauti.

Mama mmoja mtu mzima aliketi kando yangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza nashukia wapi. Basi lilikuwa bado halijawashwa aliponiambia kwamba hajamsamehe hadi leo mumewe, aliyefariki zamani, na kwamba kila mwaka huenda kusafisha kaburi lake akijua moyoni kuwa anaigiza. "Hata wanangu hawajui, mwanangu," alisema, kwa sauti ile ile aliyoulizia nashukia wapi. Kisha akataka kwenda kununua chai. Alinyanyuka, akalitazama begi lake, akanitazama mimi, akalibeba begi akashuka nalo.

Siri alikuwa ameniachia. Begi, hapana.

Georg Simmel, Mjerumani, aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni hupewa maungamo ambayo ndugu na jamaa hufichwa. Lakini mgeni wake hakuwa mpita njia. Alikuwa mtu aliyehamia akabaki, mathalani mfanyabiashara, na aliaminiwa kwa kuwa hakuegemea upande wowote. Mimi sikuombwa uamuzi wala ushauri. Upande wetu inasimuliwa kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab alimsikia mtu akimsifu mwenzake, akamuuliza: umekaa naye ujirani, umefanya naye biashara ya fedha, umesafiri naye? Yule alipokana yote, Umar akamwambia basi humjui. Kwa kipimo hicho yule mama alikuwa sahihi kabisa kuhusu begi. Muda mfupi wa kukaa siti moja si safari ya pamoja. Mali ya mtu huwekwa kwa anayejulikana.

Kwa nini basi siri isifuate kanuni hiyo? Jibu la haraka ni kwamba mpita njia ataondoka nayo na haitarudi. Ni kweli, ila halinitoshi. Kaburi nalo halisemi, na yeye alikuwa akilitembelea kila mwaka. Nadhani hakutaka kujulikana; alitaka kujisikia akilisema. Jambo ambalo halijawahi kutamkwa halina ukubwa maalumu: usiku likiwa kichwani huonekana linaweza kubomoa nyumba, mchana huonekana si kitu. Likipita mdomoni mbele ya sikio la mtu mwingine, msemaji huupata uzito wake. Sikio la mwanawe lingelia au kukasirika kabla hajamaliza. Langu lilikuwa tupu, na utupu huo ndio alioufuata.

Wapo watakaosema kwamba ukweli usiomgharimu msemaji ni ukweli wa bei ya chini. Siafiki. Lipo neno ambalo mtu hawezi kulisema kwa gharama kubwa kabla hajalisema mahali fulani kwa gharama ndogo.

Tusipambe, hata hivyo. Binti anayesafiri peke yake anajua kwamba "dada, unashukia wapi?" alfajiri huweza kuwa mtego, na vipokea sauti masikioni mwake ni mlango uliofungwa kwa sababu nzuri. Mazungumzo ya bahati ni uhuru ambao haujagawiwa sawa. Na muuza kahawa, aliyeamka kabla yetu sote, hana safari wala likizo ya kuwa mtu tu. Yeye yuko kazini. Siku hizi pia kuna treni ya umeme, iliyoanza mwaka 2024, inayofika Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa chini ya saa nne. Mimi huipanda na kuifurahia. Anayelilia mwendo wa polepole mara nyingi si yeye mwenye mgonjwa wa kuwahi.

Huenda pia yule mama alinidanganya. Huenda mume yu hai, au hakuwepo kamwe. Nimeligeuza hilo mara nyingi na naona halibadilishi sana. Uongo hutungwa ili kupata kitu kwa anayedanganywa, na mimi sikuwa na cha kupewa mtu: sikuwa na shamba, kura wala binti wa kuposwa. Anayemtungia mpita njia marehemu asiyesamehewa, saa kumi na moja alfajiri, bado anapima uzito wa jambo fulani. Labda ni hasira aliyo nayo kwa mtu anayepumua, ambaye jioni ile ile angempokea stendi na kumbebea lile begi.