Matambara ya Ebedmeleki

Somo: Yeremia 38:7-13, Kumbukumbu la Torati 22:1-3



Yeremia yuko shimoni, anazama kwenye matope. Ebedmeleki Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme, amepewa watu 30 wa kumtoa. Kamba zipo. Lakini kabla ya kwenda shimoni anapitia kwanza chini ya hazina, anachukua nguo kuukuu zilizotupwa, kisha anamwambia nabii aziweke kwapani, chini ya kamba. Sasa niambie, alijuaje kwamba pale kuna matambara? Huyu alikuwa mtu wa kutazama vitu ambavyo wenzake wanavipita tu. Na alijua vitafaa nini: kamba tupu ingemchuna nabii.

Nimelileta neno hili kwa sababu ya vijana wetu wawili wa Ukunda. Jirani yao alihama, akaacha kando ya geti feni mbili za dari, UPS na kompyuta ya zamani. Wakaingia kuvibeba jioni. Mtu akapiga kelele, "Mwizi!" Ndugu zangu, mnajua neno hilo likishatoka barabarani hakuna anayengoja ushahidi. Nilipigiwa simu, nikafika mawe tayari yako mikononi. Mungu alisaidia.

Macho yao nayapongeza, hata leo. Feni inayovuma bila kuzunguka, mara nyingi ugonjwa wake ni kapasita tu, kidude kidogo ambacho fundi hubadilisha haraka. UPS iliyozima, mara nyingi ni betri imechoka. Na hapa pwani hewa ya chumvi hushika kutu kwenye viungo vya nyaya. Ukisugua, kitu kinafufuka. Mimi nilisomea biashara, nikiona feni nzima inapelekwa kupimwa kwa kilo kama shaba naumia kweli. (Tafadhali, msichome nyaya kutafuta shaba, ule moshi ni sumu kwa watoto. Na betri ya simu iliyovimba usiitoboe.)

Lakini Torati inasema nini juu ya mali ya jirani uliyoikuta njiani? Umrudishie. Usijifanye hukuiona. Kitu kuwa nje ya geti hakimaanishi kimetupwa. Nenda mchana, piga hodi: "Shikamoo mzee, hivi umevitupa ama umeviweka?" Akikupa, mwombe aandike hata kwenye kikaratasi. Nchi hii ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo kabisa baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa. Anayebeba vyuma usiku anashukiwa, na watu wana sababu.

Halafu kuna kompyuta. Ndani yake mna diski, na ndani ya diski mna picha, vitambulisho, barua za watu. Aliyetupa sanduku hakutupa siri zake. Usifungue kuchungulia, ati unajaribu kama inawaka! Muulize kwanza.

Tulimpigia jirani yule, sasa anakaa Msambweni. Vitu vyote akatoa kwa moyo mmoja, hata akacheka. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza kama diski bado ipo. Picha za marehemu mama yake zimo humo, alidhani zimeshapotea. Vijana wakapanda matatu asubuhi yake wakampelekea, wakarudi na mfuko wa maembe. Feni moja inazunguka katika darasa la watoto wa shule ya Jumapili. Ya pili bado haina mapanga, mwenye nayo nyumbani atuone baada ya ibada.