Mkono Unaomlisha Kinda



Mwezi huu watoto wa shule ya Jumapili walituletea swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Walikuwa wamemwokota kinda wa ndege nyuma ya kanisa, wakamweka ndani ya kofia, wakaja mbio kutuuliza: mama yake amemtupa, je, ni haki tumchukue tumlee? Baadhi yetu tulisema ndiyo, huo ndio upendo. Wengine tukasema ndege ni wa porini, mwacheni. Mzee mmoja akasema katika makazi haya yako mambo makubwa ya kufikiri kuliko ndege, naye hakukosea. Hata hivyo tumeona tuandike, kwa sababu swali hili tuliwahi kuishi nalo chumbani mwetu zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na mpaka leo halijatutoka.

Ilikuwa Gihundwe, mwaka 2004. Ninyi mliovuka Rusizi kutoka Bukavu mwezi Juni mwaka ule mnajua tulivyofika: na watoto, na godoro moja, na funguo za nyumba ambayo hatukujua kama bado ina mlango. Mkoa ulikuwa ungali unaitwa Cyangugu. Wapentekoste wa Rwanda wanaikumbuka Gihundwe kwa sababu ndipo wamisionari Waswidi walipoanzia kazi yao mwaka 1940. Sisi tunaikumbuka kwa chumba kimoja cha kupanga, nyuma ya nyumba ya mama mjane aliyefuga njiwa. Makasha ya mbao yalining'inia chini ya paa lake, na kila asubuhi kabla ya kuomba tulisikia wale ndege wakinguruma juu ya vichwa vyetu.

Siku moja mwewe alimchukua dume wa kasha la mwisho. Jike alibaki na makinda wawili. Njiwa hulea wakiwa wawili, na si kwa mazoea tu: baba na mama wote hutengeneza ndani ya gole kitu kizito kama jibini laini, ambacho watu hukiita maziwa ya njiwa, na siku za kwanza kinda hali kingine. Jike huyu alilalia makinda usiku mmoja, kisha akaanza kukaa juu ya paa, na siku ya tatu hakurudi. Kinda mmoja akafa. Wa pili alikuwa na siku kama saba hivi, amefunikwa na malaika ya manjano, ana tumbo kubwa na mdomo usiolingana na kichwa. Kwa kweli alikuwa na sura mbaya. Binti yetu, aliyekuwa na miaka tisa, akamtoa na kumweka ndani ya sweta lake.

Mama mwenye nyumba alimwangalia akasema neno ambalo tuliliona dogo wakati ule. Alisema, "Kasha la pili wana kinda mmoja wa kimo hichohicho. Nipeni nimwingize humo jioni hii, kukiwa na giza. Huenda wakamkubali." Binti akalia. Nasi tukasema, mama, mwachie tu, atamlea mwenyewe.

Kumlisha kinda wa njiwa si kama kumlisha kuku. Yeye hafungui mdomo akasubiri. Huuingiza mdomo wake ndani ya koo la mzazi na kunyonya humo. Kwa hiyo tulikata chupa ndogo ya plastiki, tukaifunga kitambaa chenye tundu, akajifunza kusukuma mdomo ndani. Uji ulikuwa wa sosoma, ule unga wa soya, mtama na mahindi ambao kila mama wa Rwanda anaujua. Ukiwa wa moto unachoma gole. Ukiwa wa baridi unalala humo na kuchacha. Ukimnywesha kwa haraka unaingia njia ya hewa naye anakufa mkononi mwako. Kila baada ya saa chache unaligusa gole kwa kidole: likiwa tupu analishwa, likiwa limejaa anaachwa. Usiku alilala karibu na chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa nguo. Wiki mbili nzima tuliamka usiku kwa ajili yake, sisi ambao mchana tulikuwa tunatafuta kibarua.

Dada mmoja tuliyesali naye alitukuta katika kazi hiyo. Alisimama mlangoni akauliza, "Uji huo ni wa nani?" Tukanyamaza. Akaendelea: "Chumba cha tatu watoto wamelala na chai ya rangi. Nanyi mnamnywesha njiwa."

Hatukuwa na jibu zuri, na mpaka leo hatutaki kujifanya tulikuwa nalo. Tungeweza kusema kinda alikula kijiko kimoja au viwili tu, kiasi kisichomshibisha mtoto yeyote. Ni kweli, lakini makaa ya kupashia uji mara sita kwa siku yangepika sufuria ya maharage. Jioni ile tulipeleka nusu ya unga chumba cha tatu, na tunakiri kwamba bila maneno ya yule dada tusingeupeleka. Lakini kinda hatukumwacha. Binti yetu alituambia, "Nimeshamshika." Tumelifikiri sana neno hilo. Kabla ya kumtoa kwenye kasha tulikuwa wapita njia, na mpita njia anaweza kusema ndivyo ilivyo duniani, mwewe naye ana watoto. Tulipokwisha kumshika na kumpasha joto, hali yetu ilibadilika. Kumrudisha afe taratibu kungekuwa ni tendo letu sisi, si la mwewe wala la yule jike.

Basi tulifikiri deni letu ni chakula. Hapo ndipo tulipokosea.

Kinda alikua. Manyoya yalitoka, ya kijivu na michirizi miwili myeusi kwenye bawa. Njiwa wengi huacha kiota wakiwa na wiki nne au zaidi kidogo, na wetu alipofika umri huo tulimtoa nje kwa wenzake. Aliwaogopa. Alirudi mbio ndani akapanda begani. Miezi ikapita, naye akawa dume mzuri; akaanza kuinama, kuvimbisha shingo na kunguruma kama dume anayetafuta mke. Lakini hakumngurumia njiwa yeyote. Aliingurumia kandambili ya baba, na mkono wa binti yetu. Watoto walicheka mpaka machozi, na sisi tulicheka nao, kwa kuwa mwaka ule kicheko kilikuwa adimu. Kisha siku moja akaja muuza mkaa tusiyemjua, na njiwa akaruka moja kwa moja akatua kwenye kiganja chake. Mtu yule akampima uzito, akatabasamu, akasema, "Kitoweo hiki." Alikuwa anatania. Lakini sote tuliona jinsi ndege alivyokaa pale, ametulia kabisa, akiamini.

Baadaye tulikuja kujifunza kwamba jambo hili lina historia ndefu. Mtaalamu wa Austria, Konrad Lorenz, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba kinda wa bata bukini humfuata kiumbe wa kwanza anayemwona akitembea, na kumchukua kuwa ndiye wa aina yake. Kwa kazi ya namna hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973. Huko Marekani alikuwepo korongo mweupe jike aliyeitwa Tex, wa aina iliyokuwa karibu kutoweka duniani, aliyelelewa na watu tangu utotoni katika bustani ya wanyama. Alipokua alikataa madume wote, aliwataka wanadamu. Kuanzia mwaka 1976 mtaalamu George Archibald alikaa naye msimu baada ya msimu, akicheza mbele yake ile ngoma ambayo korongo huchezeana kabla ya kupata mayai. Mwaka 1982 Tex alitaga yai lililototolewa kinda mzima. Tazameni gharama iliyolipwa na mtu mzima mwenye elimu, miaka sita, kwa sababu ya ukarimu wa mikono iliyomlisha zamani! Siku hizi wanaolea makinda wa korongo hao ili waende porini huvaa nguo nyeupe inayofunika mwili na uso, na huwalisha kwa kikaragosi chenye kichwa cha korongo, bila kusema neno, ili ndege asijue kamwe ni nani aliyemlisha.

Lakini tusiende Marekani wakati Rwanda yenyewe ina habari yake. Mnamjua korongo mwenye taji la dhahabu kichwani, ambaye Wanyarwanda humwita umusambi. Kwa miaka mingi makinda wake walichukuliwa mabondeni wakauzwa, wakafugwa katika bustani za hoteli na nyua za watu. Wengi walikatwa manyoya ya mbawa wasiruke. Tangu mwaka 2012 korongo huyu amehesabiwa duniani kuwa katika hatari ya kutoweka. Mwaka 2014 daktari wa mifugo Mnyarwanda, Olivier Nsengimana, alianza kazi ya kuwaomba wafugaji wawaandikishe ndege wao bila kuogopa adhabu. Zaidi ya 200 walitolewa kwenye nyua. Walioweza kupona walipelekwa Hifadhi ya Akagera, wakae na wenzao mpaka mbawa ziote, kisha waende. Wale waliovunjwa mbawa wasiweze tena kuruka walitafutiwa mahali Kigali, kwenye kinamasi kilichotengenezwa upya, panapoitwa Umusambi Village, palipofunguliwa mwaka 2021.

Kinachotugusa katika habari hii ni kwamba wengi wa wafugaji wale hawakuwa watu wabaya. Waliwapenda ndege wao. Waliwapa nafaka na maji kila siku, na labda wengine waliwaokota wakiwa peke yao majanini. Chakula hakikupungua. Kilichokosekana ni korongo mwingine.

Nasi, wapendwa, hatukuwa na kisingizio hata hicho. Mama mwenye nyumba alitupa njia siku ileile ya kwanza: kasha la pili, jioni, kukiwa na giza. Tulimkatalia. Tulijiambia kwamba ni kwa ajili ya kinda, eti wazazi wa kambo wangemdonoa. Kweli ni kwamba binti yetu alikuwa hajacheka tangu tuvuke mto, na alipomshika yule kiumbe mbaya wa sura alicheka. Sisi ndio tuliomhitaji. Hatusemi ni dhambi mtu mwenye huzuni kufarijiwa na ndege. Tunasema tu kwamba tulimlipisha yeye faraja yetu, na tukaiita rehema.

Hapa tunarudi kwa watoto na kofia yao. Tulipomtazama kinda wao tuliona ana manyoya karibu yote na mkia mfupi. Huyo hakuwa ametupwa. Ndege wengi wadogo hushuka kwenye kiota kabla ya kujua kuruka vizuri, wakakaa chini siku kadhaa, na wazazi huwaletea chakula humo majanini. Mtu akisimama karibu wazazi hawaji, naye anasema: tazama, wamemwacha! Tuliwaambia watoto wamrudishe kichakani palepale, wakae mbali nyuma ya choo, wanyamaze. Kuna wazazi waliosimama nasi wakitazama, na mmoja wao alituambia kwa sauti ya chini jambo ambalo tunaliandika kwa ruhusa yake: kwamba naye aliwahi kuitwa mama aliyetupa mtoto, wakati mtoto alimponyoka mkononi katika umati, naye alikuwa akimtafuta mahema yote.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba baada ya 1994 watoto zaidi ya 100,000 wa Rwanda walikuwa wametengana na wazazi wao. Wapo waliodhani wote ni yatima wa kugawiwa. Lakini waliofanya kazi ile kwa subira waliwapiga picha, wakazibandika picha kambini na njiani, na watoto wengi sana wakapata mtu wa kwao wa kuwaita kwa jina. Wakati huohuo wako majirani waliowalea miaka mingi, wakawapenda, kisha siku moja akatokea mjomba mlangoni. Hatujui uchungu unaozidi huo wa kufungua mlango ule. Baadhi yenu mliufungua.

Mtauliza njiwa wetu aliishiaje. Mwaka 2005 ilitubidi kuondoka Gihundwe. Binti alitaka kumbeba ndani ya kikapu, nasi mara hii tulikataa. Mama mwenye nyumba alimfungia katika kasha kubwa pamoja na majike wawili vijana, akasema atawalisha humo wote watatu mpaka wazoeane. Yeye hakutulaumu. Alituambia tu tusipite kuaga, kwa sababu akitusikia ataanza upya. Tulitoka alfajiri kwa mlango wa nyuma, binti akiwa ameziba mdomo kwa khanga.

Baada ya wiki tatu tulimpigia kutoka kibanda cha simu. Alisema amewafungulia juzi. Majike yamepanda paani. Yeye ameshuka, ametembea mpaka kwenye mlango wa chumba chetu, ambao sasa una wapangaji wengine, na amekaa pale mchana kutwa. Tukauliza, na usiku je, amelala wapi? Akasema subirini, acha nichukue tochi nikaangalie. Tukasikia kandambili zake zikienda, halafu dakika tulizolipia zikaisha.